Ukirudi nyumbani bila pombe: Mazoea mapya ya akili kwa wanaopona uraibu Migori na Homa Bay

Familia nyingi za Changamwe, Likoni na Magongo zenye jamaa Migori au Homa Bay zinaijua safari hii. Mtu amekaa miezi mitatu katika kituo cha kurekebisha tabia hapa Pwani. Ameacha chang'aa, uso umenawiri, analala na kula vizuri. Anapanda basi la usiku kwenda kwao Mbita, Rongo au Sori. Wiki mbili baadaye simu inalia: ameanza tena.

Wengi husema hakuwa na nia, au kuna mkono wa mtu. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba akili yake ilijifunza kuishi bila pombe ndani ya ua wa kituo, kisha ikapelekwa mahali ambapo kila njia, kila harufu na kila rafiki inaijua kwa habari ya pombe tu. Makala haya yanaeleza jinsi uraibu unavyojenga mazoea akilini, vichochezi vya kawaida katika kaunti hizo mbili, na namna mtu anavyoweza kujizoeza upya, siku baada ya siku. Mengi yanamfaa pia anayepona mnazi, bangi, muguka au unga huku Pwani.

Kwanza, usalama wa mwili

Mazoea ya akili hujengwa baada ya mwili kutulia. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa muda mrefu asikatize ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe hushtuka inapokosekana. Kutetemeka, kutokwa jasho na kukosa usingizi huanza ndani ya saa chache hadi siku moja. Wengine hupata degedege katika siku mbili za kwanza. Wachache, hasa kati ya siku ya pili na ya nne, huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo na hupandwa na homa. Hali hiyo inaweza kuua, lakini inatibika hospitalini. Ndugu akionyesha dalili hizo asifungiwe chumbani wala kumwagiwa maji baridi. Apelekwe hospitali mara moja.

Kwa waliokuwa wakitumia unga, hatari kubwa iko upande mwingine. Arosto ya heroini hutesa sana, lakini kinachoua mara nyingi ni kurudia kipimo cha zamani baada ya wiki kadhaa bila kutumia. Mwili umekwisha sahau kuhimili, na kipimo cha jana kinakuwa sumu leo. Ndiyo sababu wengi wao wanafaa kubaki kwenye dawa ya methadoni, ambayo Malindi ilianza kutolewa mwaka 2015. Anayepanga kusafiri kwenda bara azungumze na kliniki yake kabla ya kukata tiketi.

Akili hujifunzaje pombe?

Ubongo hujifunza kwa kuunganisha mambo. Ukinywa kila jioni baada ya kupokea malipo ya samaki, baada ya muda malipo yenyewe huamsha hamu, kabla hujaona hata gilasi. Sauti ya muziki wa ohangla, harufu ya busaa inayochacha, saa kumi na moja jioni, uso wa rafiki fulani, vyote hugeuka kengele. Mtu haamui kuisikia kengele hiyo. Hulia yenyewe.

Jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa ni kwamba funzo hilo halifutiki kabisa. Mtu anapokaa miezi bila pombe, ubongo haupangusi kumbukumbu ya zamani, ila hujenga funzo jipya juu yake: kengele inaweza kulia na nisinywe, na hakuna kinachotokea. Tena funzo jipya hufungamana na mahali lilipojengwa. Mtu akirudi kwenye mazingira ya zamani, lile la kale huibuka na nguvu zake.

Ushahidi maarufu wa nguvu ya mazingira ulitoka kwa wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorejea nyumbani mwaka 1971, wakiwemo wengi waliokuwa waraibu wa heroini wakiwa vitani. Katika mwaka wa kwanza baada ya kurejea, takriban asilimia 5 tu ya waraibu hao walikuwa wamerudia uraibu. Walikuwa wameacha Vietnam njia, marafiki na wauzaji waliowazoea. Anayerudi Homa Bay kutoka kituoni hufanya safari kinyume cha hiyo: anaondoka mahali pasipo pombe na kurudi palepale alipoizoea. Hilo halina maana kwamba hawezi kufaulu. Lina maana kwamba mazoezi ya akili lazima yafanyike kule kule anakoishi, na yaanze siku ya kwanza.

Vichochezi vya ziwa, shamba na mgodi

Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alichunguza mazingira ambayo watu huanguka tena. Karibu robo tatu ya visa viliingia katika mafungu matatu: hisia mbaya kama huzuni na hasira, ugomvi na watu wa karibu, na shinikizo la marafiki. Tukiyaleta mafungu hayo Migori na Homa Bay, tunaona sura zake halisi.

Fedha taslimu. Mvuvi hulipwa ufuoni, mchimba dhahabu wa Nyatike hulipwa mgodini, mwenye boda boda hushika pesa siku nzima. Mkulima wa miwa Awendo hungoja miezi mingi kisha hupata donge kwa mpigo. Pesa mkononi bila mpango ni kichochezi kikubwa.

Siku tupu. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hukaa ufuoni na wanaume hukaa nayo. Siku hizo za kusubiri ndizo ambazo chang'aa hunywewa tangu asubuhi.

Matanga. Msiba ni wajibu, na kutofika ni aibu. Lakini usiku wa matanga una muziki, marafiki wa utotoni na vinywaji. Watu wa Kilifi wanaojua disco matanga hawahitaji kuelezwa zaidi.

Muuzaji ni jamaa. Mara nyingi chang'aa hupikwa na mama mjane anayelipa karo kwa hiyo chang'aa. Ni shangazi, ni jirani, ni mke wa rafiki. Kupita kwake bila kuketi huonekana kama dharau, kama vile huku kwetu kumpita mgema bila salamu.

Mwili na moyo. Njaa, hasira, upweke na uchovu hupunguza uwezo wa kukataa. Mvuvi aliyekesha ziwani bila kula hubeba angalau viwili kati ya hivyo anapofika nchi kavu.

Mazoea sita ya kujenga

1. Jua ramani yako. Chukua daftari na uandike kwa wiki moja: hamu ilikuja saa ngapi, nilikuwa wapi, na nani, nilikuwa nikihisi nini, nilikuwa na pesa ngapi. Asiyejua kuandika amwambie mtu anayemwamini kila jioni. Baada ya siku saba utaona kwamba hamu haikuvamii kila mahali. Huja kwa njia zilezile mbili au tatu, na hizo ndizo utakazoziba kwanza.

2. Panga jibu kabla ya swali. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba nia ya jumla, kama "sitakunywa tena", ni dhaifu kuliko mpango wenye muundo wa "kama hivi, basi hivi". Mpango wa aina hiyo humpunguzia mtu kazi ya kufikiri wakati akili imechoka. Mifano: Kama nikilipwa ufuoni, basi natuma pesa kwa mke wangu kabla sijatoka kwenye mtumbwi. Kama mtu akinikaribisha, basi nasema "daktari amenikataza, niletee soda". Kama nikifika njia panda ya kwa shangazi, basi nashika njia ya kanisani au ya msikitini, hata kama ni ndefu. Ziwe tatu au nne tu, na uzirudie kwa sauti kila asubuhi mpaka zije zenyewe.

3. Iache hamu ipite kama wimbi. Mtu wa ziwani na mtu wa bahari wote wanajua kwamba wimbi hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Hamu ya pombe hufanya vivyo hivyo, na mara nyingi hushuka ndani ya nusu saa ikiwa haikulishwa. Marlatt aliwafundisha wagonjwa wake kuiangalia bila kupigana nayo na bila kuitii. Keti, pumua polepole, utambue iko wapi mwilini: kooni, kifuani, tumboni. Jiambie, "hii ni hamu, si amri". Tazama saa. Kila wimbi linalopita bila kunywa ni funzo moja jipya kwa ubongo, na linalofuata aghalabu hupungua kidogo.

4. Jibu mawazo ya hila. Uraibu una sauti yake, nayo hutumia sentensi chache tu. "Moja tu haidhuru." Jibu: sijawahi kuishia moja. "Nimeshapona, naweza kunywa kama wengine." Jibu: nimepata nafuu kwa sababu sinywi. "Nisipokunywa watasema najiona." Jibu: watasema wiki mbili, watoto wangu watakula mwaka mzima. "Mwacha mila ni mtumwa, busaa ni ya wazee wetu." Jibu: mzee alikunywa busaa siku ya sherehe na kesho yake akaenda shamba, mimi nilikuwa nikinywa nisione shamba. Andika sentensi zako mwenyewe na majibu yako. Wazo lisilojibiwa huonekana kuwa kweli.

5. Jaza nafasi iliyoachwa. Pombe ilikuwa na kazi: ilileta marafiki, ilipoteza saa, ilituliza huzuni. Ukiiondoa bila kuweka kitu, pengo litaiita tena. Siku za mbalamwezi zipewe kazi kabla hazijafika: kushona nyavu, kulima mboga, kufundisha vijana mpira, kurekebisha paa la mama. Kazi yenyewe si lazima ilete pesa. Inatosha iwe na saa maalumu, iwe na mtu mwingine anayekungoja, na ikuachie kitu cha kuonyesha jioni.

6. Pata watu wako. Jifya moja haliinjiki chungu. Chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoanzishwa Akron, Marekani, mwaka 1935, kilijengwa juu ya jambo moja rahisi: mlevi anayepona humsaidia mlevi mwenzake, na kwa kufanya hivyo hujisaidia mwenyewe. Mahali pasipo na mkutano kama huo, watu wawili au watatu wanaopona wanaweza kukutana kila wiki chini ya mti, wakaulizana maswali matatu: wiki hii hamu ilikuja lini, ulifanya nini, wiki ijayo una hatari gani mbele yako.

Je, haya yamejaribiwa kwetu?

Ndiyo, na si mbali sana na ziwa. Huko Eldoret, watafiti wakiongozwa na Rebecca Papas waliichukua tiba ya kubadilisha fikra na tabia wakaitengeneza upya ili ifae mazingira ya magharibi mwa Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watu 614 wanaoishi na virusi vya Ukimwi na waliokuwa wakinywa kupita kiasi waligawanywa katika makundi mawili. Wa kwanza walipata tiba hiyo kwa vikao sita, kimoja kila wiki, cha dakika 90. Wengine walipata mafunzo ya afya kwa jumla. Katika miezi tisa iliyofuata, wa kundi la tiba walikunywa siku chache kuliko wenzao, na siku walizokunywa walikunywa kiasi kidogo. Walioongoza vikao hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa wahudumu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa.

Hukohuko Eldoret, mtafiti Ali Giusto na wenzake walijaribu mpango uitwao LEAD kwa akina baba wenye tatizo la pombe. Waliotoa ushauri walikuwa akina baba wenzao wa mtaa huo. Walizungumza kuhusu baba wa namna gani mtu anataka kuwa, kisha wakapanga naye shughuli za kila siku pamoja na familia zinazoshika nafasi ya pombe.

Kwa Homa Bay na Migori, ambazo ni miongoni mwa kaunti zilizoathiriwa zaidi na virusi vya Ukimwi nchini, somo hili lina uzito wa pekee. Mlevi husahau dawa zake na huruka siku ya kliniki. Kubaki bila pombe kunalinda matibabu yake, na pengine maisha ya mwenzake pia.

Itachukua muda gani?

Wengi huambiwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya ya kawaida, kama kunywa maji au kutembea baada ya chakula. Kwa wastani zoea lilichukua siku 66 kuwa jambo la kujifanyia lenyewe. Wengine walichukua 18, wengine walikadiriwa kufika 254. Waligundua pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote. Kuacha pombe ni kugumu kuliko kunywa maji, basi hesabu miezi. Anayetoka kituoni baada ya siku 90 ndiyo kwanza anaanza mazoezi ya nyumbani.

Ukiteleza

Kuna hatari moja inayowaangusha watu wazuri. Mtu amekaa miezi minne, kisha kwenye matanga anakunywa gilasi moja. Anajiambia, "Nimeharibu kila kitu, bora nimalize." Gilasi moja inakuwa wiki tatu. Marlatt aliona kwamba aibu hiyo, kuliko gilasi yenyewe, ndiyo mara nyingi inayogeuza kuteleza kuwa kuanguka.

Kwa hiyo mpango wa kuteleza uandikwe mapema, mtu akiwa mzima. Ondoka mahali hapo sasa hivi, usimalize kilichobaki. Mpigie mtu mmoja uliyemchagua. Kula, oga, lala. Kesho yake uliza: njia gani niliiacha wazi? Rekebisha mpango, endelea. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Hata hivyo, anayerudia kunywa kila siku, au anayepata tena mitetemo, arudi hospitali badala ya kujaribu peke yake.

Jamaa wafanye nini?

Msimwite tena jina la mlevi, hata kwa mzaha. Jina huvuta tabia. Msimkabidhi fedha nyingi mwezi wa kwanza, lakini pia msimnyang'anye kama mtoto. Kubalianeni naye, kwa ridhaa yake, nani atashika akiba na kwa muda gani. Wanaotuma pesa kutoka Mombasa wanaweza kulipa karo au duka moja kwa moja.

Ikiwa kuna msiba, apangiwe kazi yenye heshima: kupokea wageni mchana, kuandika michango, kusimamia maji. Apewe mtu wa kuondoka naye kabla giza halijaingia. Shemeji na wajomba waelezwe mapema ili asilazimike kujitetea kila anapokataa. Na ikiwa mpishi wa chang'aa ni wa ukoo, mzee anayeheshimiwa azungumze naye. Hakuna anayemtaka afunge biashara siku moja. Anaombwa asimuuzie huyu mmoja.

Mke au mama aliyebeba mzigo kwa miaka naye ana haki ya kutoamini haraka. Imani hurudi kwa vitendo vidogo vinavyoonekana: amerudi saa aliyosema, pesa imefika, mtoto amepelekwa kliniki.

Pa kuanzia

Nambari ya bure ya mamlaka ya kitaifa ya kupambana na dawa za kulevya, NACADA, ni 1192. Anayepiga anaweza kupata ushauri na kuelekezwa kwenye kituo kilichoidhinishwa. Uliza kibali kabla ya kulipa, kwa kuwa si kila nyumba yenye geti na jina zuri ni kituo cha tiba. Katika kaunti, mlango wa kwanza ni hospitali ya rufaa ya Migori au ya Homa Bay, au zahanati iliyo karibu, na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji anaweza kumsindikiza mgonjwa huko. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi azungumzie pombe katika kliniki hiyohiyo bila kuficha.

Kwa anayetoka kituoni hapa Pwani, kazi ya wiki ya mwisho iwe hii: aandike ramani ya vichochezi vya kule kwao, mipango yake minne ya "kama, basi", jina la mtu atakayempokea kituo cha basi, na tarehe ya miadi ya kwanza katika hospitali ya kaunti. Karatasi hiyo iingie mfukoni kabla ya tiketi.